Sindano Iliyolaza Mkono Peke Yake

Bariadi

Mama, mwangaluka!

Muuguzi wa hapa hospitalini ananiandikia barua hii. Najua habari zimeshafika huko nyumbani Mkula. Ni kweli, tulipokuwa tunapakia pamba ya hii kampuni mpya ya binafsi, robota liliniangukia, mkono wa kulia ukavunjika vibaya. Lakini ninao bado, Mama.

Walipokwisha kuunga mifupa, maumivu yalinizidi. Sindano za paja hazikusaidia, nikalia mbele za watu. Mama mmoja wa Ipililo, anayemuuguza mumewe kitanda cha jirani, akanishika miguu. "Lia tu, baba, usione haya," akasema. Kisha akaenda mwenyewe kumwita daktari wa usingizi.

Daktari akanichoma kwapani, karibu na mishipa ya fahamu. "Wewe sikulazi," akaniambia, "nalaza mkono tu." Maumivu yakaondoka taratibu, mpaka nikawa siusikii mkono kabisa. Nikapiga kelele, "Daktari, mmeukata?" Akacheka, akauinua nikauona. Yule mama akanilisha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga, nikalala kama mtoto.

Leo ganzi imeisha. Maumivu yaliyobaki yanavumilika, na vidole vyote vinacheza. Namshukuru Mungu, na daktari, na huyu mama. Nilipomwambia wabeja, alijibu, "Nisalimie mama yako." Basi anakusalimu. Mumewe hali yake bado ngumu. Jumapili kanisani, Mama, umtaje yeye kwanza, mimi baadaye.

Nakupenda sana.
Mwanao, Lukasi