Nikiulizwa Nitasema

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Ijumaa, 22 Aprili 1983.

Mpendwa Dada Benedikta,

Shikamoo. Natumaini hapo Ndanda mmeamka salama na mguu wa mama umepungua uvimbe. Sisi afya tunayo, usingizi ndio hatuna.

Barua yako niliipata. Unanicheka kwamba nimeolewa na mtu asiyejua mji. Kweli, Ignasi ni yuleyule. Wiki jana pale Feri nilimwambia muuzaji kwamba samaki wake wamelala, mume wangu akanisahihisha mbele ya watu: "Hapana, Paska, ni wabichi kabisa." Nilitamani nimpige na kapu.

Sasa nikueleze. Msako wa wahujumu uchumi, wanaoficha bidhaa, umefika mtaani kwetu. Jumatatu mama mwenye nyumba, Siwema, aliniomba nimfichie majora mawili ya vitenge. Ndiye aliyenishika mkono nikijifungua Candida, ningemkataliaje? Nikayasukuma chini ya kitanda bila kumwambia Ignasi.

Jana Siwema alikamatwa. Mgambo wamekaa mlangoni, wanapekua kila furushi linalotoka. Kesho ni zamu ya vyumba vyetu sisi wapangaji, na balozi wa nyumba kumi ametangaza kwamba kila baba mwenye chumba atahojiwa mwenyewe.

Leo asubuhi Ignasi aliyaona majora akitafuta kiatu. Nikamsihi aseme hayajui.

"Lakini nayajua," akasema. "Nikiulizwa nitasema."

Nilimtukana, Dada. Nililia. Alipokwenda kazini nikakumbuka siku ya posa. Mshenga anamsifu, yeye anamkatiza: sikio la kushoto halisikii, na karakana ya mtaa wa Gerezani walimfukuza kwa kulala kazini. Mlicheka wote. Mimi nyuma ya pazia nikasema moyoni, huyu ndiye. Nilimpendea mdomo huohuo. Siwezi kumwambia leo aubadilishe kwa sababu sasa utanifunga mimi.

Kwa hiyo kesho nitawahi kusema mimi: vitenge ni vyangu, mume wangu hakujua. Naye, namfahamu, atanisahihisha mbele ya watu, tuchukuliwe wote wawili.

Ndiyo maana Candida amekuja na barua hii, pamoja na jirani yetu Severa anayerudi Masasi. Nguo zote za mtoto zimo kapuni. Hajaambiwa kitu. Halali mpaka ashike sikio la mtu, mpe lako.

Msalimie mama na shemeji Augustino. Mungu awafunike kwa mkono wake. Ignasi ameacha salamu, na ameomba nisikufiche neno.

Mdogo wako akupendaye,
Paskalina