Rangi Niliyoijaribu Mkononi Mwangu

Chumba cha nyuma, saluni
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi sana. U mzima? Na shemeji je, kile kifua bado kinamsumbua baridi ikianza? Huku hatujambo, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba kusimama kutwa si kazi ya mtu wa miaka hamsini.

Usishtuke, aliyeugua amepona. Ni shangazi. Wiki tatu zilizopita alikuja nimpake rangi ya nywele, eti hataki mvi kwenye picha ya kitambulisho. Nilifanya kama nilivyofanya miaka ishirini na mbili: nikajipaka kwanza tone moja mkononi, nikasubiri, nikamwonyesha. Unajua nilivyojivunia mkono huu. Simpaki mtu kitu ambacho mimi mwenyewe sijajipaka.

Kesho yake aliponifungulia mlango nilidhani nimekosea nyumba. Macho yamefumba, paji limevimba hadi nyusi hazionekani, pumzi inakuja kwa shida. Nilimpeleka hospitali mbio, na yeye ndiye aliyenituliza: "Mwanangu, kwa sura hii kitambulisho wataandika jina la nani?"

Alilazwa siku tatu. Daktari, binti mwenye subira, alinieleza kwamba ule ni mzio. Rangi ile ile mmoja haimfanyi kitu, mwingine inamwasha tu, wa tatu inamvimbisha mpaka koo. Hata ndugu wa tumbo moja hawafanani, na kuna anayepaka miaka kumi salama, wa kumi na moja mwili ukaikataa. Nikajitetea kwamba nilijipaka mimi kwanza. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Mama, ngozi yako itajuaje ya mwenzako?"

Swali hilo nimepika nalo, nimefagia nalo. Na aliyenijia akilini si shangazi, ni wewe. Ulikuwa na miaka kumi na saba, umekaa kwenye kiti kilicho karibu na sinki, rangi kichwani, unalia kwamba kichwa kinawaka moto. Nikakuonyesha mkono wangu. Nikakuita mdekaji mbele ya wateja, nikakukataza kuosha mpaka dakika zitimie. Hukukanyaga tena saluni, nami nikawaambia watu kwamba unaringa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini mimi nilimbishia maiti mwenyewe.

Siku hizi kila mteja napaka tone nyuma ya sikio lake, siyo mkononi mwangu, arudi baada ya siku mbili. Wengine wanasonya na kwenda kwa jirani. Waende.

Nisamehe, mdogo wangu. Siwezi kusema sikujua, maana ulikuwa unaniambia. Najisikia vibaya kuliko ninavyoweza kuandika.

Msalimie shemeji na wanao wote wawili. Shangazi anakusalimu sana. Uvimbe umekwisha, na picha ameshapiga na mvi zake. Mama mkwe wangu naye anakuombea. Mungu akupe afya na akuzidishie utulivu nyumbani kwako.

Ukinijibu, usiniandikie kwamba yamepita. Niandikie ilivyokuuma siku ile, na safari hii nitakusikiliza mpaka mwisho.

Akupendaye, na aliyechelewa kukusadiki,
Dada yako