Mtutu wa Baba Ulioko Kwako

Laurel Fork,
West Virginia.
Jumapili, 19 Novemba 2006

Mpendwa kaka Virgil,

Pokea salamu zangu, na za Mama, na za mpwa wako Josie ambaye hajui kusema jina lako ila nikimwonyesha picha yako anaipiga busu mpaka inalowa. Hujambo wewe? Mgongo unaendeleaje? Na baridi ya huko Wyoming, imeshaanza kuwang'ata masikio huko kwenye visima vya mafuta? Vaa ile kofia aliyokufumia Mama, hata kama wenzako wanakucheka.

Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Josie alikuwa na kikohozi kibaya wiki iliyopita, sasa kimebaki cha asubuhi tu. Jino la tatu limetoka. Analala kifuani kwangu huku naandika, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue amejigeuza.

Mama yuko hivyo hivyo. Anakula kidogo, anakaa sana kwenye kiti cha Baba kando ya jiko la kuni. Tangu tumzike Baba hajagusa bustani. Mimi namwambia masika yatakuja atapanda tena, naye ananiitikia, lakini ni kuitikia kwa mtu asiyesikiliza.

Nadhani umesikia kiwanda cha mbao kimefungwa. Shemeji yako Clete hana kazi tangu Agosti. Anazunguka kila siku na gari, anarudi jioni ananawa mikono iliyo safi. Simu tumekatiwa, ndiyo maana nakuandikia. Bunduki yake ya risasi aliiuza Septemba ili tubaki na umeme. Kwenye friza mna mahindi na zile beri tulizochuma, nyama hamna. Tunakula maharagwe na mkate wa mahindi, na kwenye Sikukuu ya Shukrani tutakula hayo hayo, ila nitatandika kitambaa kizuri.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kaka, maana nimelizunguka vya kutosha.

Unakumbuka siku ile baada ya mazishi, Mama alipoliweka gobore la Baba juu ya meza ya jikoni, akalikunja katikati, akautoa mtutu. Alisema kila mtoto ashike kitu alichokishika baba yake. Wewe akakupa mtutu, kwa kuwa ndio uliompigia kulungu wako wa kwanza. Mimi akanipa kitako na kiunzi chake, yaani nyundo, kifyatulio na komeo. Tulilia wote, na hakuna aliyeona ubaya. Tulidhani mtutu ni mtutu, siku yoyote mtu atapata mwingine aupachike.

Msimu wa kuwinda kulungu kwa magobore unafunguliwa Desemba, Jumatatu ya pili. Clete akasema kiunzi kipo, kilichobaki ni kutafuta mtutu. Akaupata kwenye mnada wa Jumamosi kule njia panda, kwa bwana mmoja anayeuza vyuma kwenye turubai. Ni wa kampuni ile ile, na muhuri ule ule wa kulungu ubavuni. Yule bwana akamwambia, hizi ni kama kofia, kichwa chochote kinaingia. Clete aliuleta nyumbani ameukumbatia kama mtoto.

Uliingia, Virgil. Hilo ndilo baya. Ungekataa kuingia, leo nisingekuwa nakuandikia. Ulikaa kwenye bawaba vizuri, ila kufunga ilibidi aupige na kiganja, na ulipofunga komeo halikulia ule mlio wake. Nikaunyanyua dirishani nikaona mwanga unapita kati ya mtutu na kiunzi. Nikamwonyesha. Akaniambia macho ya mwanamke anayenyonyesha huona mambo.

Mama ndiye aliyetujibu, kutoka kwenye kiti chake, bila kugeuka. Alisema Baba aliponunua ule mtutu wa gobore ilimbidi akitume kiunzi kwenye kiwanda cha bunduki, wakauchonga mtutu kwa tupa kidogo kidogo mpaka ukashika kiunzi kile peke yake. "Kwani mlidhani majira yale ya kiangazi tulikuwa tunangoja barua ya rais? Si tulikuwa tunangoja kirudi," akasema. Clete akacheka. Halafu nikaona maneno yake mwenyewe yanamfikia. Akasema polepole, "Basi nimemkata baba yenu vipande viwili." Kaka, tangu hapo hajalitaja tena gobore, na usiku ule hakula.

Tena si bawaba tu. Kile kizibo cha nyuma cha mtutu huu, pale inapokaa fataki ya kuwashia baruti, ni cha toleo la juzijuzi. Kiunzi chetu ni cha zamani. Pini ya kupigia inaigusa fataki pembeni, mara inawaka, mara inalala. Clete alitaka kutafuta kizibo cha zamani akibadilishe, kumbe hata nyuzi za skrubu ni tofauti.

Hata hivyo akajaribu. Alilifunga gobore kwenye tairi kuukuu kule kijitoni, akatia baruti nusu ya kipimo, akashindilia kwa mdeki, akavuta kamba akiwa nyuma ya mti. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili lililipuka na papo hapo likajifungua lenyewe katikati, moto ukarudi nyuma. Tairi liliungua pale ambapo shavu la mtu lingekaa. Nilikuwa nimesimama kibarazani na Josie. Nilimwona Clete anaenda, anachuchumaa, anaiweka mikono yake pale palipoungua.

Nilidhani yameisha. Jioni mezani akasema atalifunga kwa vile vibano vya chuma vya mpira wa rejeta, viwili, avikaze na bisibisi.

"Risasi moja tu, Darla. Kulungu mmoja."

"Na uso wako? Nao si mmoja?"

Akamtazama Josie. "Mtoto hawezi kula uso wangu," akasema.

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana imenitisha. Unamjua shemeji yako, akipiga kelele hafanyi, akinong'ona anafanya. Nimemwambia tuombe nyama kwa majirani, kasema kila jirani ana friza kama letu. Nimemwambia aazime bunduki, kasema mwezi huu hakuna mtu atakayeazimisha bunduki, na ni kweli.

Najua ule mtutu umeutundika juu ya kitanda chako. Wifi Noreen aliniandikia kwamba kuna siku unaushusha unaupaka mafuta na huongei. Sikuombi unirudishie. Ni wako, Mama alikupa, na nani angekulaumu, hukupata hata kumwona Baba akiwa hai mwishoni. Nakuomba uuazime msimu mmoja. Nimeuliza posta, mama wa dirishani kasema mtutu peke yake ni bomba tu, unaingia kwenye boksi unakuja. Kiunzi ndicho kinachohesabiwa kuwa bunduki, hicho hakisafiri hivi hivi. Kwa hiyo mimi siwezi kuja kwako na changu, wewe ndiye unayeweza kuja kwetu na chako.

Na kama kazini wakikupa ruhusa, uje nao mwenyewe. Tutakulaza chumba cha mbele. Mama akikuona mlangoni na kile chuma nadhani ataondoka kwenye kiti. Naamini hivyo. Clete atakuwa na mtu wa kukaa naye porini, na Josie atakupiga busu uso wenyewe.

Ndani ya bahasha utakuta kitu nimekifunga kwenye soksi ya Josie. Ni pini ya bawaba. Leo alfajiri Clete alipotoka kukata kuni niliigonga ikatoka, na bila hiyo mtutu wowote hausimami kwenye kiunzi, uwe wa Baba uwe wa mnada. Hata msumari hauwezi kukaa mahali pake, na Clete ana wazimu ila si wa kiasi hicho. Tangu tumetoka kanisani anaitafuta. Ameinua zulia, ameinua viti vya gari. Namsaidia kutafuta. Irudishe pamoja na mtutu, kaka. Usiirudishe peke yake.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Clete anakusalimu, ingawa hajui ninachoandika. Nisalimie sana wifi Noreen na umwambie lile blanketi alilomtumia Josie, mtoto haliachi hata lifuliwe. Mungu aliyemtunza Baba miaka yote porini akutunze wewe juu ya mitambo, akurudishe ukiwa na vidole vyote.

Wako akupendaye sana, anayesikiliza gari la posta kila siku,

Dada yako,
Darla