Kilo ya Mama Chileshe

Léa, usicheke. Leo nimeharibu kazi yangu.

Ile programme yangu ya kupima mifuko ya bunga ya mahindi, nilionyesha patronne wa duka, Mama Chileshe, mbele ya ma-client bote. Écran, ile kubwa ya ku ukuta, ikakwama! Sababu niliandika isome balance, ile mizani, mu mode bloquant: kama balance haitume kilo, programme yote inangoya tu.

Mama ananiuliza: "Merdi, inangoya nini?"

Miye: "Inangoya kilo, Mama."

Akapanda ku balance. Yeye mwenyewe!! Na viatu!

Palepale écran ikaamka, ku ukuta muzima: MUFUKO YA BUNGA, KILO 112.

Hakuna muntu alicheka. Hakuna, Léa!!

Nikakimbia kuiweka non bloquant. Sasa haingoye tena: kama hakuna kilo mupya, inabakisha ku écran ile ya mwisho.

Mama amenitumia message sasa hivi: "Merdi, niko bado ku ukuta."