Tabaka Thelathini na Moja

3 Februari

Mdogo wangu,

Jumamosi tarehe 11 Januari, kabla ya saa moja asubuhi, Mama alipoteza Lakshmi wake. Nyumba hii haikupoteza kitu kingine: vijiko vipo, redio ipo, ngazi ya karakana ipo. Kilichotoka ni mungu wa kike wa udongo, wa inchi kumi na nne, aliyeketi juu ya ua la yungiyungi, na asubuhi hiyohiyo ukatoka wewe. Leo ni siku ya ishirini na tatu. Simu hupokei, kwa hiyo naandika.

Haya, salamu. Hujambo huko kazini? Mimi mzima, mgongo tu, kazi ya kuinama. Mama anasema hajambo, lakini yeye hata akiwa na homa jibu ni hilohilo.

Kila asubuhi anawasha taa ya mafuta mbele ya rafu tupu. Juzi jirani yetu mshona nguo alimuuliza anamwomba nani. Mama akamjibu, "Mwenye nyumba ametoka kidogo." Wakacheka wote wawili. Mimi nilikwenda nyuma kuosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Baba aliifinyanga sanamu ile wiki aliyomwoa Mama, na kila mwaka akaipaka tabaka jipya la rangi juu ya la zamani, mpaka alipofariki. Si yako, si yangu. Irudishe.

Dada yako


19 Februari

Dada Futi, mpima kila kitu,

Shikamoo. Nishikie na Mama miguu kwa heshima. Mimi niko salama. Kazi ni ya kupaka nyuso za zile sanamu za kuvalishwa nguo madukani, jozi themanini za macho kwa wiki. Msimamizi anasema hajaona mkono uliotulia kama wangu. Ningependa ungemsikia, wewe uliyeniambia kwenye sanamu za karakana yetu mimi ni wa macho tu, nguo na vito niwaachie wenye akili ya kupima.

Ni kweli ninaye. Sikumwiba. Mwaka jana Mama alininong'oneza kwamba siku hizi hamwoni Lakshmi vizuri, amefifia. Na shavu lilikuwa linabanduka tangu paa lilipovuja, wewe ukasema hakuna wa kumgusa maadamu Baba hayupo. Nikaona nimchukue, nimpake rangi kali, zinazoonekana, nimrudishe baada ya wiki mbili. Yamebaki macho tu. Unajua mwenyewe macho hupakwa mwisho, asubuhi, kwa pumzi moja, na hakuna kurudia.

Mwambie Mama avumilie. Shuka zetu bado zinanuka tapentaini? Za huku hazinuki chochote, na usingizi siupati.

Mdogo wako


10 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima, natumaini na wewe. Shuka bado zinanuka. Chako nimekiacha kitanda kama kilivyokuwa.

Kuna jambo nilikuficha, na kosa hilo ni langu. Lakshmi hakufifia. Aliyefifia ni Mama. Tangu Novemba haoni ila mwanga na kivuli, na daktari wa macho amesema ndiyo basi. Alinikataza kukwambia, usije ukaiacha kazi kwa ajili yake. Nyumba anaijua kwa mkono, hatua kumi na moja toka kitandani hadi kwenye rafu, ndiyo maana hukugundua.

Alikuwa akisali kwa vidole. Paji la uso, mashavu, halafu kidole gumba kinatua kwenye lile tone la rangi lililoganda kidevuni. Lilimdondoka Baba siku niliyozaliwa, alipoitwa akimbilie mkunga na brashi ingali mkononi. Hapo ndipo Mama alipokuwa anakaa muda mrefu.

Nikafanya ninachokiweza, nikamtengenezea mwingine. Inchi kumi na nne, petali kumi na sita, kila kipimo sawasawa. Macho nilipaka mwenyewe. La kushoto linatazama dirishani kama mtu anayemsubiri fundi bomba, nikasema haidhuru, Mama haoni. Akamgusa usoni mara moja, akaondoa mkono.

"Huyu ni mgeni," akasema. "Mpe pa kukaa, lakini si yeye."

Tangu siku hiyo hawashi taa. Kwa hiyo achana na macho. Mlete alivyo.

Dada yako


27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu. Barua yako imechanika kwenye mikunjo kwa kusomwa.

Alivyo hayupo tena. Baba alitufundisha kwamba rangi mpya haishiki juu ya inayobanduka, utoe zote hadi chini. Nikafuata kazi ilivyofundishwa: dawa ya kutoa rangi, kisu, msasa wa chenga, msasa laini. Siku tatu, nikafika kwenye udongo mtupu. Lile tone nililikwangua kwanza kabisa. Niliona ni kasoro.

Sasa ni mzuri, dada. Wote hapa wanamsifu. Midomo myembamba, kidevu chembamba kama cha msichana. Vidole vya Mama havitamjua. Kila asubuhi nashika brashi nimpake macho, na mkono huu wa jozi themanini unairudisha kwenye kopo. Kila Jumapili nafunga mzigo, nafika stendi, narudi.

Sijui nimrudishie Mama nini.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tupo. Nilikasirika siku mbili. Nilipaka milango minne ya watu ili nisikuandikie. Siku ya tatu nikamsomea Mama barua yako yote, hata habari za msasa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama macho umeshapaka. Nikasema bado.

"Basi tuko sawa, mimi na yeye," akasema. "Aje naye. Tutajuana upya."

Nami nimepiga hesabu. Tabaka za Baba zilikuwa thelathini na moja. Msimu huu rangi inakauka kwa siku moja na nusu, kwa hiyo ni siku arobaini na saba tukipokezana. Kila tabaka likikauka Mama atamshika, atuambie amekaribia au bado. Tone la kidevuni lilikuwa la tabaka la nne. Nitalidondosha mimi, yeye ataonyesha mahali kwa kidole gumba. Nguo na vito tutagawana nusu kwa nusu, nimesema. Macho ni yako, mwisho kabisa. Sikuwahi kuyaweza, na yule mgeni wangu anayetazama dirishani ni shahidi.

Barua za kujieleza sitaki tena. Jumamosi tarehe 17, saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana, nitakaa kando ya simu ya karakana, na Mama atakuwa kwenye kiti cha pili. Piga, useme neno moja. Unakuja, au huji?

Dada yako