Abeer Kawekwa Ndani

Jumatatu, 10 Februari 2025

Leo Abeer kawekwa ndani rasmi. Bi Mashavu, somo wake wa harusi, yaani kungwi wake, kafika asubuhi kutoka Matemwe na kopo la liwa la kumsugulia mwili na amri zake. Bibi harusi hatoki nje, hapigwi na jua, hasemi na mtu ila sisi wawili. Simu kaichukua pia! Abeer kanitazama mimi, shangazi yake, nimtetee. Sikumtetea. Mama yake hayupo duniani, nami ndiye niliyemlea – nisiposimamia mila mimi, atasimamia nani? Bwana harusi, Hisham, anatua Alhamisi kutoka Maskati. Ndoa Ijumaa jioni. Nyumba nzima inanukia udi na vitunguu vya kukaanga. Nimechoka, lakini nimefurahi.

Jumanne, 11 Februari

Ismail kaja kabla ya adhuhuri – mdogo wake Hisham, anafanya kazi bandarini Malindi, hapahapa mjini. Hakutaka kukaa. Akamvuta kaka Hamoud, baba yake Abeer, uani. Nikawafuata, mwenye kuozwa ni mtoto niliyemlea, siachwi jikoni. Hisham kaanguka kazini huko Maskati. Amelazwa. Madaktari wanampima kichwa, hawajasema kitu.

Nikauliza, harusi je? Kaka akasema iko palepale: Ismail atakubali kwa niaba ya nduguye, kwa uwakili. Kweli, ndoa haimlazimu bwana harusi awepo. Na Abeer? Asiambiwe mpaka tujue. Mwari hapewi habari mbaya.

Mpaka tujue nini?

Jumatano, 12 Februari

Nimegombana na fundi wa turubai. Bure tu, maskini ya Mungu.

Mchana Bi Mashavu alikuwa anamsinga Abeer kwa liwa, mimi nimeshika bakuli. Abeer akauliza kama Hisham keshafunga mizigo. Nikasema inshallah. Akanigeukia:

"Shangazi, ukisema inshallah kwa haraka hivyo, mimi najua kuna jambo."

Nikacheka. Kicheko kibaya, hata Bi Mashavu aliacha kusugua. Nje ya mlango nikamweleza Bi Mashavu yote. Akasema mwari huwekwa ndani apumzike, si afanywe kiziwi. Lakini yeye ni somo tu, hana neno mbele ya baba mtu. Akarudi kwenye liwa lake. Kila mtu ana pa kurudi, mimi sina.

Alhamisi, 13 Februari

Nimempigia Ismail mwenyewe. Nimemwambia leo sitaki dua, nataka habari. Kijana wa watu akaanza kulia. Jana kazungumza na Hisham kwenye simu. Anaongea, ndiyo. Lakini alikuwa akimwita Ismail kwa jina la marehemu baba yao. Ismail kamsahihisha, kamwita vilevile tena. Na uwakili? Kautoa katika simu hiyohiyo. Alijua anachokisema?

"Wallahi sijui, dada. Na daktari naye anasema tusubiri."

Nikampelekea kaka habari hizo. Kasema watu washaalikwa. Kasema nisimtie aibu. Kaka yangu si mtu mbaya! Anaogopa, na akiogopa anaamrisha. Tangu utoto yuko hivyo.

Basi nimeingia chumbani, nimefunga mlango, nimemwambia Abeer kama yalivyo. Ninalolijua: kaanguka, amelazwa, anaongea, anachanganya majina. Nisilolijua: atapona lini, atapona vipi, na kama alipotoa uwakili alikuwa na akili zake. Nikaishia hapo. Nilitamani sana kuongeza kwamba atapona tu, usijali. Nikauma ulimi.

Hakulia. Kauliza kama baba yake anajua. Nikasema anajua tangu Jumanne. Hapo ndipo alipolia.

Ijumaa, 14 Februari

Naandika nimekaa ngazini. Sijui kama nitausoma mwandiko huu.

Kaka kapanda na mashahidi wawili kuchukua idhini ya Abeer kabla ya kwenda msikitini. Kasimama nje ya pazia la chumba. "Abeer, mwanangu, unaniruhusu nikuozeshe Hisham?" Kimya. Kauliza tena. Kimya. Shahidi mmoja akasema mashallah, mwari kakubali. Maana kwetu mwari akinyamaza amekubali, anaona haya tu. Wakageuka washuke.

Nikasimama mbele ya ngazi. Nikasema hajakubali.

Kaka kanitolea macho. "Rawiya, nipishe."

"Sikupishi. Keshajua yote, nshamwambia mimi. Anakungojea wewe umwambie."

Mashahidi wakatazama sakafu. Nilidhani atanizaba kibao mbele yao. Amesimama tu, uso umemshuka, naye ghafla kawa mzee. Kisha kawaomba wakangoje chini. Kavua kofia, kainua pazia, kaingia.

Msikitini watu washakaa. Ismail katuma mtu kuuliza kulikoni. Nimemjibu: bado. Anauliza, bado nini? Nimesema sijui, na ni kweli sijui.

Pazia halizuii sauti. Kaka kakohoa, kaanza: "Mwanangu, hakuna jambo, ni uchovu tu wa..."

Abeer kamkatiza, polepole, kwa adabu zake zote.

"Anza tena, Baba."