Nimesamehewa Deni la Vitambaa: Nipokee, au Nijitangaze Muflisi?

Mpendwa mshauri,

Kuna swali nililolibeba tangu nilipokuwa nikisomea uchumi chuoni, wala sikudhani siku moja lingenifuata hadi dukani: mtu anayesamehewa deni, je, amepewa kitu, au ameondolewa tu kitu? Naomba unisaidie kulijibu kabla ya Jumapili, na uniwie radhi ikiwa sentensi zangu zinakimbia, kwa maana furaha niliyo nayo hainiruhusu hata kukaa.

Nashona sare za shule hapa Tala, na kwa miaka mingi nimekuwa nikichukua vitambaa kwa mkopo kwa Mzee Bartholomew, mwenye duka la jumla kule Athi River, na shule zilipofungwa wakati wa korona deni likafura hadi likafika shilingi milioni moja na nusu, nikawa namtumia kidogo kidogo, wakati mwingine kiasi cha kuaibisha, na kando ya hilo nina mkopo wa sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, ambao wenzangu wawili wa kwaya, Wayua na Kamanthe, walinidhamini kwa akiba zao, ingawa huo naulipa bila shida. Basi juma lililopita mzee akaja mwenyewe, akasimama mlangoni kati ya sweta za kijani, akasema, "Mama Mumo, nafunga duka, narudi shambani. Wewe sikudai tena."

Nikamwambia, "Mzee, usinitanie na jua hili lote."

Akacheka. "Marehemu mume wako alikaa na kijana wangu hospitalini siku ambazo mimi nilishindwa kukaa. Halafu hata nilipoacha kuuliza, wewe ulituma. Imetosha."

Mshauri, nilipiga vigelegele hadi wauza nyanya ng'ambo ya barabara wakaitikia bila kujua wanashangilia nini, nami nimekwisha kumwambia padre kwamba Jumapili nitatoa shukrani mbele ya kanisa, na mzee atakuwepo ili baada ya misa tuandikiane. Lakini mpwa wangu Levi, ambaye ni mhasibu, akaniambia, "Shangazi, furahi polepole. Vitambaa hivyo ulivitoa kila mwaka kama gharama kwenye ritani zako za kodi. Ukisamehewa kuvilipia, mamlaka ya mapato inaweza kuhesabu fedha hizo kuwa mapato yako." Shemeji yangu Festus, aliyekuwa akinywa chai yangu, akadakia, "Kwa hivyo msamaha unatozwa kodi? Basi hata padre atatuandikia risiti tukitoka kuungama!" Tukacheka, lakini yeye akaendelea kwamba nimkatalie mzee, niende mahakamani nijitangaze muflisi, deni lifie huko bila kodi nami nianze upya, wala hakuna atakayeumia. Nimeipima hoja yake nikaiona ina uzito, nikaipima tena nikajitilia shaka. Nishike lipi?

Kasiva, Tala

*

Dada Kasiva,

Nilisoma barua yako nikitabasamu, na kidogo nipige kigelegele ofisini, mpaka nilipofika kwa Festus. Hongera kwa moyo wote. Sasa niruhusu nikukemee.

Wewe uliyesomea uchumi, kweli utamwambia mzee, "Tafadhali endelea kunidai, nina haraka ya kufilisika"? Maana bila deni lake huna ufilisi wowote: mkopo wa sacco unaulipa, na sare zinanunuliwa. Ungelazimika kulibembeleza deni libaki hai ili ukalizike mahakamani.

Na huyo Festus anayesema hakuna atakayeumia, mwulize kama naye alikudhamini. Wayua na Kamanthe umewataja mara moja, ukawapita. Ufilisi ungekufungua wewe, wao usingewafungua. Sacco ingegeukia akiba zao, nawe ungesimama katikati yao kila Jumapili ukiimba sauti ya kwanza. Mali yako, ukiacha vitu vya lazima vya nyumbani na vifaa vya kazi, ingekabidhiwa msimamizi, jina lako lingetangazwa, na kwa miaka kadhaa nani angekukopesha hata jora moja la kitambaa?

Kuhusu kodi, Levi hajakosea. Gharama uliyokwisha kuitoa kwenye ritani, ukisamehewa kuilipa, inaweza kurudi kama mapato. Lakini kodi huchukua sehemu tu, na sehemu kubwa zaidi inabaki kwako. Tena, ikiwa miaka ile ya korona uliripoti hasara, huenda ikapunguza mzigo huo. Levi aangalie kama muda wa kuitumia haujapita.

Kwa hiyo Jumapili pokea, dada, na ushukuru kwa sauti. Maandishi yenu yataje deni lote, na yataje sababu zote mbili alizokupa pale mlangoni. Jumatatu nenda na Levi kwa mtaalamu wa kodi. Kile kidogo ulichokuwa ukimtumia mzee, endelea kukiweka kando kila mwezi, na kodi ikija, omba kuilipa kwa awamu; kazi hiyo unaijua. Festus mpe chai, usimpe kalamu.

Swali lako la chuoni, hata hivyo, limenishinda, na sitajifanya nimelijibu. Uaminifu wako katika kulipa ni jambo la biashara, na naelewa kwa nini mtoza kodi aliangalie. Lakini zile siku za hospitalini? Huenda mzee ndiye aliyejiona anadaiwa na nyumba yako, na siku ile aliposimama mlangoni pako alikuja kulipa. Nimewauliza wataalamu wawili kama sehemu hiyo ni zawadi: mmoja amesema sheria huangalia vitabu tu, mwingine amesema hoja ipo. Siwezi kuegemea upande wowote, kwa sababu anayeweza kusema ni shilingi ngapi zilikuwa za vitambaa na ngapi za marehemu mume wako ni Mzee Bartholomew peke yake, na sidhani kwamba alizigawanya.